Fidia au Usawazishaji? Jina la Kazi ya Kromosomu ya X katika Inzi wa Matunda

Kila elimu iingiapo katika lugha huja na dhana zake, na dhana hizo hudai majina. Jina likichaguliwa kabla ya jambo lenyewe kufahamika, huweza kumpoteza mwanafunzi kwa muda mrefu. Mfano mmoja wapatikana katika elimu ya viumbe, kwa habari za inzi wa matunda, Drosophila melanogaster. Neno la Kiingereza litumikalo hapo hutafsirika kwa wepesi kuwa “fidia ya kipimo”. Yafaa kuchunguza kama tafsiri hiyo yatosha.

Inzi jike ana kromosomu mbili za X. Dume ana X moja pamoja na Y, ambayo ina jeni chache sana. X hubeba jeni zaidi ya 2,000, na mazao yake hufanya kazi bega kwa bega na mazao ya kromosomu nyingine, ambazo ni jozi kwa dume na jike vilevile. Basi, kama kila X ingefanya kazi kwa kiasi kile kile, dume angepata nusu tu ya mazao hayo, na uwiano wake ungevurugika.

H. J. Muller, Mmarekani, alilieleza jambo hili na kulipa jina katika mwaka 1932. Alichunguza jeni dhaifu ya rangi ya macho iliyomo katika X. Jike mwenye nakala mbili za jeni hiyo na dume mwenye moja walikuwa na macho ya rangi karibu sawa. Lakini jike aliyebakiwa na nakala moja tu alikuwa na rangi hafifu zaidi. Hivyo ilidhihirika kwamba idadi ya nakala ina athari, ila dume ana njia ya kuondoa upungufu wake. Mwaka 1965 Mukherjee na Beermann walipima utengenezaji wa RNA katika seli za tezi za mate, wakaona kwamba X moja ya dume hutoa karibu kiasi kile kinachotolewa na X mbili za jike. Methali yasema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa kimoja chafanya kazi ya viwili.

Kazi hiyo hutendwa na kundi la protini tano, pamoja na RNA za aina mbili ziitwazo roX. Kundi hilo hushika mahali maalumu katika X ya dume, kisha huenea juu yake. Protini mojawapo, MOF, hubandika vikundi vya asetili juu ya histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka, na usomaji wa jeni huongezeka hadi karibu mara mbili. Katika jike, protini iitwayo SXL huzuia kutengenezwa kwa MSL2, na bila MSL2 kundi haliundiki. Jeni hizi zikiharibika, madume hufa kabla ya kuwa wadudu wakamilifu, hali majike huishi. Ndipo nyingi kati yake zikapewa majina yatokanayo na kifo cha madume.

Kwa inzi, basi, neno “fidia” lafaa kabisa: pana upungufu, na mwenye upungufu ndiye aongezewaye. Lakini wataalamu hutumia jina lile lile kwa viumbe wengine, na huko maana hubadilika. Mwaka 1961 Mary Lyon alieleza kwamba katika seli za panya jike X moja kati ya mbili hunyamazishwa; ndivyo ilivyo kwa binadamu pia. Katika mnyoo Caenorhabditis elegans, huntha mwenye X mbili hupunguza kazi ya zote mbili kwa karibu nusu. Hapo mwenye ziada ndiye apunguzaye. Kumwita huyo mlipa fidia ni kumtafutia deni asilokuwa nalo.

Kwa ajili hiyo jina la jumla lafaa liwe “usawazishaji wa kipimo cha jeni”, kwa kuwa lataja matokeo, ambayo ni mamoja, wala halitaji njia, ambazo ni mbalimbali. Chini yake yaweza kuwekwa majina matatu: fidia kwa inzi, unyamazishaji kwa mamalia, na upunguzaji kwa mnyoo. Mwanafunzi atakayeyasoma atajua tangu mwanzo ni nani aongezaye na ni nani apunguzaye.