Mzizi Usiotoa Harufu Mpaka Ukatwe

Mzizi wa hosiradishi ukiwa mzima hauna lolote la kutisha. Ni mrefu, mnene kama mpini wa nyundo, una ganda la kahawia na nyama nyeupe ndani, na mwenye kuunusa huambulia harufu ya udongo tu. Ukianza kukwaruzwa, muda si mrefu jikoni hapakaliki: macho yanatoa machozi, pua inafunguka, na mchomo unapanda hadi kwenye paji la uso. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Bavaria, Austria, Poland na Ukraine kazi hii imefanywa kwa vizazi vingi. Waingereza huula mzizi huo pamoja na nyama ya ng'ombe ya kuoka. Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki huuweka mezani usiku wa Pasaka yao, kuwa ndio mboga chungu ya kukumbukia utumwa wa Misri. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda ameuonja bila kuujua, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachouzwa duniani kwa jina la wasabi ni hosiradishi iliyotiwa rangi ya kijani.

Siri iko katika vitu viwili vinavyokaa jirani bila kugusana. Ndani ya seli za mzizi kumehifadhiwa sinigrini, kemikali yenye salfa, na pembeni yake, mahali pake peke yake, kimeng'enya kiitwacho mirosinase. Kisu kinapopasua kuta za seli, viwili hivyo hukutana. Mirosinase huivunja sinigrini na kuzaa mafuta mepesi yaitwayo alili isothiosianati. Huo ndio ukali wenyewe. Haukuwamo katika mzizi kabla ya jeraha; umezaliwa na jeraha. Mmea umejiwekea silaha hiyo dhidi ya wadudu na wanyama wautafunao, na ndugu zake, yaani haradali, figili, kabichi na sukumawiki, wana silaha za namna hiyo hiyo, ingawa wengi wao ni wapole zaidi.

Mzoefu wa pilipili asijidhanie amekwisha kuhitimu. Kapsaisini ya pilipili haipeperuki. Hung'ang'ania ulimi na midomo, na maji hayaiondoi upesi. Alili isothiosianati hugeuka mvuke, ikapita nyuma ya koo hadi puani, ikachoma vikali, kisha ikatoweka. Hata vipokezi vya neva vinavyoihisi ni vingine.

Kwa hiyo anayetayarisha hosiradishi nyumbani anauongoza mmenyuko wa kikemia, na chombo chake kikuu ni saa. Huchagua mzizi mgumu usiopindika, usio na ukungu wala sehemu laini. Huusugua kwa brashi chini ya maji, huumenya kama karoti, na huukata vipande vidogo ili blenda isihangaike. Huongeza maji ya baridi vijiko vichache na kuusaga mpaka upate umbo la chenga laini. Wengine bado hutumia kikwaruzio cha mkono na kukaa nje penye upepo, na hawajakosea. Maji ya moto hayafai kabisa, kwa sababu joto huua kimeng'enya. Mzizi uliochemshwa kabla ya kukatwa hupoteza karibu ukali wake wote.

Sasa ndipo siki inapoingia, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Asidi ya siki huizuia mirosinase isiendelee na kazi. Siki ikimiminwa mara tu baada ya kusaga, hosiradishi hutoka pole. Ikingojewa dakika tatu hivi, hutoka kali sana. Isipotiwa kabisa, ukali hupanda, kisha huanza kufifia na kuacha uchungu na rangi ya kijivu. Kwa hiyo mzizi mmoja, katika mikono ya wapishi wawili, waweza kutoa vyakula viwili tofauti, na aliyezoea kulaumu mzizi alioununua sokoni angefaa kwanza kuitazama saa yake.

Kipimo kilichotolewa na Idara ya Kilimo ya Marekani ni gramu 340 za mzizi uliokwaruzwa, yaani vikombe viwili hivi, kwa kikombe kimoja cha siki nyeupe yenye asidi ya asilimia 5, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na robo kijiko cha chai cha unga wa vitamini C, ambayo huzuia rangi isiharibike. Siki isipunguzwe kwa maji, kwani asidi yake ndiyo pia inayolinda chakula dhidi ya vijidudu. Mchanganyiko huwekwa katika chupa safi ya glasi, hufunikwa vizuri na kukaa ndani ya jokofu. Hata humo ukali hufifia katika mwezi mmoja au miwili. Heri kutengeneza kidogo mara kwa mara.

Hatari kubwa zaidi ya kazi hii ni wakati wa kufunua blenda. Mvuke uliofungiwa hutoka wote kwa pamoja, na aliyeinamisha uso juu yake huupokea machoni na kifuani. Madirisha yafunguliwe kabla ya kuanza, uso uwekwe mbali, na mwenye pumu amwachie mwingine kazi hiyo. Chenga zikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na maumivu yasipoisha mhusika aende kituo cha afya.

Nchini Ujerumani mzizi huu hutumika pia katika vidonge vya mitishamba kwa maambukizi ya njia ya mkojo na ya hewa. Huko huko wataalamu wameonya kwamba haufai kuwa dawa kwa wenye vidonda vya tumbo au vya utumbo, wenye maradhi ya figo, wala watoto wa chini ya miaka minne. Kijiko kidogo kando ya nyama hakimdhuru mtu mwenye afya. Lakini mwaka 2019 jarida la BMJ Case Reports lilieleza habari za mwanamke wa miaka 60, nchini Israeli, aliyekula wasabi nyingi harusini akidhani ni parachichi. Alishikwa na mbano wa kifua, na madaktari wakakuta misuli ya moyo wake imedhoofika kwa namna ionekanayo kwa watu waliopatwa na mshtuko mkubwa. Alitibiwa, na moyo ukarudia hali yake. Ni tukio la nadra mno, ila linaonesha kwamba mwili huuchukulia mchomo huo kuwa jambo zito.

Mzizi huu una kimeng'enya kingine, peroksidase, ambacho hakihusiki na ukali bali kimeusaidia utabibu kuliko hata vidonge vyake. Mwaka 1971 watafiti wa Uholanzi, Bauke van Weemen na Anton Schuurs, walikitumia katika njia mpya ya kupima homoni. Leo vipimo vingi vya maabara vya aina ya ELISA hutumia kingamwili zilizofungwa na peroksidase ya hosiradishi: kinachotafutwa kikiwamo katika sampuli, kimeng'enya hubadilisha rangi ya kimiminika ndani ya kishimo, na mashine husoma rangi hiyo. Mgonjwa asiyewahi kuusikia mzizi huu huenda damu yake imekwisha kupimwa kwa msaada wake.

Limebaki suala la jina, na hilo linaugusa ukanda wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Waingereza waliokuwa India, walipoukosa mzizi wao, walikwaruza mizizi ya mlonge, ambayo nayo ina ukali unaofanana, wakauita mlonge "mti wa hosiradishi". Jina hilo lingali katika Kiingereza. Anayesoma maelezo ya upishi wa hosiradishi, kisha akauona mlonge, mronge au mzunze uani kwake ukitajwa kwa jina hilo, aweza kuchukua jembe. Asifanye hivyo. Hiyo ni mimea miwili tofauti. Majani na maganda machanga ya mlonge ni chakula kizuri, lakini mizizi yake, hasa magome ya mizizi, ina alkaloidi zenye sumu, ikiwamo spirokini ambayo huathiri neva. Majaribio kwa panya yameonesha pia kwamba dondoo ya mizizi hiyo huweza kuharibu mimba. Kuimenya ganda hakuwezi kuchukuliwa kuwa kumeondoa sumu yote, na siki haiondoi alkaloidi. Mama mjamzito aliyekwisha kuila au kuinywa kama dawa amweleze mhudumu wa kliniki aina ya mzizi, kiasi alichotumia na siku alizotumia, na kama bado una mabaki nyumbani, ayachukue aende nayo.