Rubani Mpelelezi na Manowari Iliyojificha Rufiji

Kazi ya rubani mpelelezi wa vita si kupigana, bali ni kuona na kupeleka habari. Jambo hili si geni kwa mtu wa Ikonge, katika nchi ya vilima ya Nyamira. Akisimama juu ya kilima humwona apitaye bondeni kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Lakini ziko nchi tambarare zilizofunikwa na miti, ambazo hazina kilima cha kupanda. Huko kilima chenyewe ni eropleni.

Nchi ya namna hiyo ni milango ya mto Rufiji, na habari zake zilianza katika Vita Kuu ya kwanza. Tarehe 12 Septemba 1914, Wajerumani walipigana na Waingereza katika mji wa Kisii. Siku nane baadaye manowari ya Kijerumani, jina lake Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Kisha Königsberg, ikiongozwa na Kapteni Max Looff, ikajificha ndani ya Rufiji. Mto huo hugawanyika njia nyingi kabla ya kufika baharini, na kando zake zimejaa mikoko mirefu. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, maana maji ni haba.

Rubani wa kwanza kuitafuta kutoka angani alikuwa Dennis Cutler, aliyeajiriwa Afrika ya Kusini. Aliiona manowari hiyo, lakini mwezi wa Desemba 1914 alishuka mtoni akakamatwa na adui.

Mwaka 1915 kazi ikashikwa na John Tulloch Cull, rubani wa Jeshi la Wanamaji la Kiingereza. Adui wake wa kwanza alikuwa joto la pwani. Hewa ya joto ni nyepesi, na mabawa hayaipati nguvu ya kuinua mzigo mzito. Basi ndege alizokuja nazo hazikufaa. Mwezi wa Aprili, kwa ndege nyingine zenye kuelea majini, manowari ilipigwa picha mahali ilipojificha. Kisiwa cha Mafia kikafanywa kituo cha marubani, na uwanja ukafyekwa.

Ndipo zikaletwa manowari mbili ndogo, Severn na Mersey, ziwezazo kupita katika maji haba. Lakini wapiga mizinga wake walipiga juu ya miti bila kuona shabaha. Mtu wa namna hiyo ni kama aliyefungwa macho naye anarusha jiwe: hana budi awe na mwenziwe wa kumwambia limeanguka wapi. Kwa hiyo rubani alizunguka juu, na mwangalizi aliyepanda naye alitazama kila kombora lilipoanguka, kisha akapeleka habari kwa simu ya upepo: mbali mno, karibu mno, kulia, kushoto. Tarehe 6 Julai walijaribu wasifaulu, na Mersey ikaumizwa.

Tarehe 11 Julai walirudi. Cull alirusha ndege, na mwangalizi wake alikuwa H. J. Arnold. Makombora yalipoanza kuikaribia shabaha, ndege yao ilipigwa, mashine ikazimika. Walipokuwa wakishuka, Arnold hakuacha kupeleka habari, na mizinga ikazidi kulenga vema. Ndege ikaanguka majini ikapinduka. Cull alikuwa hajafungua mkanda wake, akanaswa chini ya maji, lakini akaokoka. Mashua ya Mersey ikawachukua wote wawili. Königsberg ilishika moto, na Kapteni Looff akaamuru iharibiwe. Cull na Arnold walipewa nishani ya DSO.

Hata hivyo vita havikwisha. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 ya manowari hiyo, wakaitia magurudumu na kupigana nayo bara. Ndege nazo zilipelekwa Maktau, karibu na Voi, kupeleleza njia za majeshi ya nchi kavu. Chini ya ndege hizo, katika njia hizo, walikuwamo wapagazi waliochukuliwa kutoka Kisii na sehemu nyingine za Kenya. Zaidi ya wapagazi 40,000 wa Kenya walikufa, wengi wao kwa maradhi na upungufu wa chakula, wala si kwa risasi.

Mzinga mmoja wa Königsberg umewekwa Mombasa, katika Ngome ya Yesu. Atakayeutazama akumbuke kwamba meli yake haikushindwa kwa nguvu za mizinga peke yake. Ilishindwa kwa sababu watu wawili, ndege yao ikianguka, waliendelea kusema walichokiona.