KINYOZI HAJINYOI, LAKINI NYUMBANI HANA BUDI

Wahenga walinena ya kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hii ni ya kweli kwa nywele za kichwa, maana hakuna mtu aonaye kisogo chake. Lakini kwa nywele za makwapani, za miguuni, za kidevuni, na zile ambazo watu wenye adabu hawazitaji kwa jina, kila mmoja wetu ni kinyozi wa nafsi yake. Hufunga mlango wa bafu, akashika wembe au kopo la dawa, akafanya kazi ambayo aghalabu hakuna aliyemfundisha.

Matokeo ya kutofundishwa tumeyaona kwa macho yetu hapa Kampala. Binti mmoja wa jirani yetu alikuwa amebakiza siku nne tu kabla ya kwanjula yake. Alipaka dawa ya kuondolea nywele makwapani, akajilaza kitandani akiamini ya kwamba kadiri dawa ikaavyo ndivyo itakavyong'oa mizizi. Usingizi ukampitia. Alipozinduka, ngozi ilikuwa imebabuka. Siku ya sherehe aliwapokea wakwe akiwa ndani ya gomesi nzuri, lakini mikono ameitenga na mbavu, na kila alipopiga magoti kuwaamkia wageni machozi yalimlengalenga.

Zamani mambo haya yalikuwa na walimu wake. Katika Buganda, ssenga, yaani shangazi mzaa baba, ndiye aliyemfunza msichana usafi wa mwili wake kabla ya ndoa. Huko pwani kazi hiyo ilikuwa ya somo au kungwi. Siku hizi shangazi aweza kuwa mbali kijijini, na binti yuko peke yake katika chumba cha kupanga Wandegeya au Ntinda. Ndiyo maana tumeona yafaa, ndugu msomaji, tuzilinganishe njia zinazotumika majumbani bila ya kuona haya.

Kwanza tuuondoe uzushi mmoja. Wengi husema ya kwamba nywele zikinyolewa huota nene zaidi. Sivyo. Mnamo mwaka 1928 mtaalamu wa Marekani, Mildred Trotter, aliupima uotaji wa nywele za watu walionyolewa mara kwa mara, asiuone mabadiliko yoyote. Nywele isiyokatwa huwa na ncha nyembamba. Wembe ukiikata, hubaki kisiki bapa, ambacho kwa mkono huonekana kigumu. Shina lake chini ya ngozi halikuguswa.

WEMBE

Wembe ndiyo njia nyepesi na rahisi kuliko zote. Hapa methali nyingine yatufaa: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nywele iliyolowa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache hulainika na kukatika bila ya kuvutwa. Tia povu la sabuni, nyoa kuelekea nywele zilalako, usikandamize, na suuza wembe kila baada ya kupitisha. Kisha osha kwa maji baridi na ukaushe kwa kupangusa taratibu. Manukato yasubiri hadi kesho yake.

Ubaya wa wembe ni wa namna mbili. Wa kwanza ni vipele. Nywele zetu Waafrika zimejipinda, na zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha iliyochongoka hujikunja na kuingia tena mwilini kama mwiba. Hapo ngozi huvimba, hufanya usaha, na kuacha madoa meusi. Baadhi ya watu hupata hata makovu makubwa yaliyonyanyuka. Mwenye shida hiyo kidevuni au kinenani asinyoe hadi kwenye ngozi. Na atumie mashine ya umeme inayobakiza nywele kama milimita moja. Vipele vilivyokwisha kutoka visichokolewe kwa sindano. Viachwe bila ya kunyolewa kwa majuma kadhaa, navyo vingi vitatulia vyenyewe.

Ubaya wa pili ni kuazimana. Katika mabweni na nyumba za kupanga, wembe mmoja huzunguka kama sahani ya karanga. Nchi yetu iliyapata mafunzo machungu katika miaka ya 1980, pale ugonjwa uliokuja kujulikana kuwa ni Ukimwi ulipoanza kuonekana Rakai, na tangu hapo wananchi wakaonywa wasishirikiane nyembe. Lakini wako wanaodhani ya kwamba hofu hiyo imepitwa na wakati. Yafaa ieleweke ya kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata juu ya wembe uliokauka usioonyesha damu. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga wa Uganda mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata utotoni. Kila mtu na wembe wake, basi. Hata mume na mke, hata ndugu wa tumbo moja.

DAWA YA KUPAKA

Dawa hizi huivunja ile protini inayoishika nywele, hadi ikawa laini kama ute na kufutika. Lakini ngozi nayo ina protini ya jinsi hiyo hiyo. Dawa haijui ipi ni nywele na ipi ni ngozi. Kinachoziokoa ngozi zetu ni saa ya ukutani. Dakika zilizoandikwa kwenye kopo, ambazo kwa kawaida hazizidi kumi, ni amri. Aidha dawa haing'oi mzizi hata ikikaa mchana kutwa, na hilo ndilo binti wa jirani yetu hakulijua.

Jaribu kwanza tone moja mkononi, ungoje siku nzima. Usipake juu ya jeraha, wala mara tu baada ya kunyoa, wala katika ngozi laini ya ndani ya sehemu za siri. Dawa ya miguu isipakwe usoni. Wala usinunue ile iliyopakuliwa katika kichupa kisicho na maandishi, hata muuzaji awe na maneno matamu kiasi gani. Kwa mwenye vipele vya wembe, dawa ikitumiwa kwa uangalifu yaweza kuwa nafuu, kwani huiacha ncha ya nywele butu.

SUKARI NA MAJIVU

Sukari haiko mbali nasi. Mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira yako kando ya njia ya Jinja. Vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha maji ya limau na robo ya maji huchemshwa kwa moto mdogo hadi rangi iwe ya asali. Ikipoa na kuwa vuguvugu, hukandwa kama donge la unga, ikapakwa juu ya nywele zenye urefu wa punje ya mchele, kisha ikabanduliwa kwa mshtuko mmoja huku ngozi imevutwa. Ufundi huu ni wa kale katika nchi za Waarabu. Huzing'oa nywele na mizizi yake, na mtu hukaa majuma matatu hadi sita kabla ya kurudia. Mabaki huoshwa kwa maji matupu, jambo ambalo nta haikubali.

Hatari yake ni moto. Sukari inayochemka ina joto kupita maji, na ikimwagika hung'ang'ania ngozi. Watoto wasiwepo jikoni. Mwenye kisukari, au anayetumia dawa kali za chunusi, asijaribu kabla ya kumwuliza daktari.

Bibi zetu walikuwa na njia fupi zaidi: vidole na majivu ya kuni, ili nywele isiteleze. Haigharimu kitu, ila yataka uvumilivu, na nywele iliyokatikia ndani huleta vipele vile vile.

MWANGA

Siku hizi vimeingia vifaa vya mwanga vinavyodaiwa kuondoa nywele nyumbani. Hapa tunatoa onyo. Mwanga huo huutafuta weusi wa nywele ili uuchome mzizi, lakini ukikutana na ngozi nyeusi huichoma ngozi yenyewe. Vingi vya vifaa hivyo huja na maelezo yasemayo ya kwamba havifai kwa ngozi nyeusi sana, nayo hayasomwi. Ipo mashine ya leza ifaayo zaidi ngozi zetu, yenye mwanga wa nanomita 1064, lakini hiyo ni kazi ya mtaalamu.

KWA AKINA MAMA WAJAWAZITO

Tumewasikia akina mama wakihimizana kujinyoa kabla ya kwenda kujifungua, wengine kwa woga wa kusemwa na wauguzi. Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi mwaka 2018 ya kwamba kunyoa sehemu za siri kabla ya kuzaa kwa kawaida hakupendekezwi kuwa desturi. Na kwa upasuaji, mwaka 2016 lilisema wembe usitumike kabisa. Ikibidi nywele zipunguzwe, zikatwe kwa mashine, kwani michubuko midogo ya wembe ni mlango wa vijidudu. Ule wembe ulio katika furushi la vifaa vya uzazi umewekwa kwa ajili ya kitovu cha mtoto. Mama asiutumie kwa jambo jingine lolote.

Tukihitimisha, hakuna njia moja iliyo bora kwa wote. Mwenye haraka, wembe wake mwenyewe watosha. Mwenye vipele, mashine. Mwenye kutaka muda mrefu, sukari. Na mwanamke aotwaye ndevu kwa ghafla, hali hedhi yake imevurugika, asihangaike na kibano. Aende hospitali, kwani huenda homoni zake zimekosa uwiano.

Zaidi ya yote, nywele za mwili si uchafu; uchafu huondolewa kwa maji na sabuni. Asiyetaka kuziondoa hana kosa, na anayetaka asiharibu ngozi kwa ajili yake. Nywele zitaota tena. Ngozi iliyoungua huacha kovu. Enyi mashangazi, msingoje kuulizwa: wafunzeni mabinti hawa kabla duka halijawafunza.