Marvin Gaye Anapomwitikia Marvin Gaye

Je, wajua kwamba katika "What's Going On", wimbo uliorekodiwa Detroit, Marekani, mwaka 1970, anayeongoza na anayemdakia ni mtu yuleyule? Marvin Gaye aliimba sauti ya kuongoza mara mbili ili achague iliyo bora. Fundi mitambo Ken Sands alipomwekea azisikilize, zikatoka zote mbili kwa pamoja bila kukusudiwa. Moja inatangulia, nyingine inaingilia kati, mara zinakutana kwenye neno moja. Gaye akasema zibaki zote. Miaka iliyofuata alikuwa akijiimbia kwaya nzima peke yake.

Siri ya mtu kujiitikia iko kwenye vichwa vya mashine ya kurekodi ya utepe. Vilikuwa vitatu, vimejipanga: cha kufuta, cha kurekodi na cha kusoma. Mwimbaji anayeongeza sauti sharti asikie muziki uliokwisha kurekodiwa. Akiusikia kupitia kichwa cha kusoma, sauti yake mpya itanaswa na kichwa kingine, na wimbo utakapochezwa itasikika imechelewa. Utepe ukikimbia sentimeta 38 kwa sekunde, umbali wa sentimeta 4 tu kati ya vichwa huchelewesha sauti kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wimbo umeharibika! Kampuni ya Ampex ilitafuta dawa: kichwa kilekile cha kurekodi kikafanywa kisome njia za zamani, yaani mistari ya sauti iliyolala sambamba kwenye utepe, huku kikiandika kwenye njia mpya. Mpiga gitaa Les Paul alipata mashine yao ya njia 8 mwaka 1957, na haikuchukua muda fundi mitambo Tom Dowd akawa nayo katika studio ya Atlantic, New York. Motown, kampuni ya rekodi ya Gaye, nayo ikafikia njia 8 katikati ya miaka ya 1960.

Na kwa nini sauti ya mtu mmoja iliyoimbwa mara mbili hunona? Hakuna binadamu anayeweza kuimba mstari mara mbili sawasawa. Noti zikipishana kwa mitetemo 2 kwa sekunde, ukubwa wa sauti hupanda na kushuka mara 2 kila sekunde. Silabi nazo hupishana kidogo mno. Sikio halihesabu waimbaji wawili. Linasikia mmoja mwenye kifua kipana. Ndiyo maana kunakili tu rekodi ileile na kuipachika juu yake hakusaidii: sauti inaongezeka nguvu, hainenepi.

Lakini mashine isipewe sifa zote. Kabla Gaye hajaanza kujiitikia, nyuma yake huko Motown walisimama The Andantes, wanawake watatu walioitikia katika rekodi nyingi mno za kampuni hiyo, pamoja na "I Heard It Through the Grapevine" ya kwake. Majina yao hayakuandikwa kwenye majalada, na kwangu huo ni udhalimu, kwa sababu bila wao nyimbo hizo zingebaki mifupa. Hata "Love Child" ya mwaka 1968, iliyouzwa kwa jina la Diana Ross na The Supremes, wanaoitikia humo ni wao. Ukiicheza leo, mwache Diana Ross apite, utege sikio nyuma yake: hao ni Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps.