Baridi Yabisi: Kinga Inapogeukia Viungo

Baridi yabisi ni ugonjwa wa kudumu ambapo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, hushambulia utando laini uliotanda ndani ya viungo. Utando huo huvimba na kunenepa, kisha huharibu gegedu na mfupa hadi kiungo kikapinda.

Mara nyingi maumivu huanzia kwenye vidole na vifundo vya mikono au miguu, pande zote mbili. Asubuhi viungo hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa. Maumivu ya viungo vilivyochakaa kwa umri, kinyume chake, huzidi kiungo kinapotumika. Mgonjwa huchoka sana, na mapafu, macho na moyo pia huweza kudhurika.

Wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Urithi na uvutaji wa sigara huongeza hatari. Kuoga maji baridi hakusababishi ugonjwa huu.

Daktari huchunguza viungo, damu na picha za eksirei. Dawa ya kwanza kwa kawaida ni methotreksati, inayotumiwa mara moja kwa wiki, wala si kila siku. Mjamzito haruhusiwi kuitumia. Ugonjwa hauna tiba ya kuumaliza kabisa, lakini dawa zikianza mapema huzuia ulemavu.