Mchochezi aliyejificha chini ya fizi

Ukipiga mswaki asubuhi ukaona mate yana damu, hufanya nini? Wengi husukutua, wakatema, wakaenda zao. Wengine hupakwepa mahali panapotoka damu, wakidhani wanapapumzisha. Kumbe ndivyo wanavyowapa nafasi bakteria wahalifu. Fizi yenye afya haitoi damu kwa kusuguliwa na mswaki laini. Ikitoa, kuna jambo linaendelea chini yake.

Katika vinywa vya binadamu zimetambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria, na nyingi hazina madhara. Jino likishasafishwa, mate hulivika upesi utando mwembamba wa protini. Wa kwanza kunata hapo ni bakteria wa jamii ya streptokoki. Nyuma yao huja Fusobacterium nucleatum, mrefu mwembamba kama sindano, anayewashika waliotangulia na kushikwa na wanaofuata. Utando unaponenepa, wakazi wa juu huitumia oksijeni, na huku ndani panakuwa makao mazuri kwa bakteria wasiostahimili hewa. Mmojawapo ni Porphyromonas gingivalis.

Huyu hutegemea sana jirani. Maabara imeonyesha kwamba yeye na Treponema denticola hulishana: taka anayotoa mmoja ni chakula cha mwenzake. Mwaka 2011, watafiti wakiongozwa na George Hajishengallis walimpandikiza kwenye vinywa vya panya. Hata alipokuwa chini ya asilimia 0.01 ya bakteria wote, mfupa wa taya ulipungua. Lakini panya waliokuzwa bila bakteria wowote, wakapewa yeye peke yake, hawakupoteza mfupa. Mchochezi bila umati hana ghasia.

Uchochezi wenyewe anaufanya kwa hila. Huvuruga mawasiliano ya seli za kinga, zikashindwa kuua bakteria huku uvimbe ukiendelea. Fizi iliyovimba huvuja damu na majimaji yenye protini na madini ya chuma, chakula kinachowanenepesha bakteria waharibifu. Wakiongezeka, uvimbe nao huzidi.

Mfupa unaingiaje? Kila siku mwili huwa na seli zinazomeng'enya mfupa uliochakaa na nyingine zinazojenga mpya, kwa mizani. Uvimbe usiokoma huzidisha kemikali iitwayo RANKL, inayoziamsha seli za kumeng'enya. Mizani ikilala upande huo, mfupa unaoshikilia jino hurudi nyuma, fizi huachana na jino na kufanya mfuko, na jino huanza kucheza. Basi anayekula mfupa ni mwili wetu wenyewe. Mfupa ukishapotea haurudi wenyewe, ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1 wana ugonjwa mkali wa fizi. Kisukari kisichodhibitiwa huuchochea, nao ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Tumbaku nayo ni hatari, na huficha dalili kwa kuwa hupunguza damu kwenye fizi: mvutaji anaweza kuona mate meupe huku mfupa ukiisha.

Hata hivyo, umati wa bakteria huhitaji siku kadhaa kujijenga. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake huko Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona.

Kwa hiyo panapotoka damu ndipo pa kusafisha, taratibu lakini bila kupakwepa: mara mbili kwa siku, kwa mswaki wa dukani au wa mti, kwenye mpaka wa jino na fizi, na katikati ya meno kwa uzi. Utando uliokwisha kuwa mgumu, yaani ugaga, hautoki kwa mswaki. Daktari wa meno ndiye wa kuukwangua. Damu ikiendelea, usingoje maumivu, kwa sababu ugonjwa huu hula mfupa miaka mingi bila kuuma. Utando ukivunjwa kila siku, mchochezi hukosa wa kumchochea.