Unataka mkorosho? Anza na ndoo ya maji

Vijana wengi wa mjini mnaniuliza habari ya kupanda korosho kwenye kale kashamba ka kijijini, na swali huwa moja: mbegu nipate wapi? Mbegu zipo kibao jamani, kazi ni kuchagua. Mkorosho wa mbegu unaanza kuzaa mwaka wa tatu mpaka wa tano, kwa hiyo ukikosea leo utakuja kujua baadaye sana.

Chukua korosho zenye ganda za msimu huu, zilizokomaa na kuanguka zenyewe. Za kukaanga sahau, hizo zimeshakufa. Anika juani siku mbili tatu, halafu zimwage kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea tupa, zinazozama ndio mbegu, maana ndani zimejaa. Ganda usipasue, lina mafuta makali yanayochubua ngozi.

Pia usizioteshe kwenye kopo ukaziacha humo miezi na miezi. Mkorosho hushusha mzizi mkuu haraka, na mzizi ukijikunja au ukikatika wakati wa kuhamisha, mti unadumaa. Panda palepale utakapokaa. Mvua zikianza, weka mbegu 3 kwa shimo, kina cha sm 5 hivi, ile sehemu iliyoshikana na bibo ikiangalia juu. Zikiota, baada ya wiki 2 hadi 4, bakiza mche mmoja wenye nguvu. Shimo hadi shimo mita 12, yaani ekari moja miti kama 28. Msione ni mbali, tawi lisilopata jua halizai. Katikati panda kunde au karanga miaka ya mwanzo.

Sasa ukweli wenyewe: mbegu ya mti unaozaa sana si lazima itoe mti unaozaa sana. Wadudu hubeba chavua kutoka mti huu hadi ule, hivyo mtoto hamfuati mama kila kitu. Dawa yake ni kubebesha: unachukua kikonyo cha mti unaojulikana, unakiunga kwenye mche wako. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ndio wataalamu wa mambo hayo.

Kwa hiyo mtu akikupiga bei ya kuruka eti kwa sababu mti wa babu yake unajaza magunia, unanunua hadithi. Hela yako itunze kwa ajili ya kubebesha.

Watu wa Lindi, Tandahimba na Mkuranga, ongezeeni hapo chini.